Barua kwa Rafiki Kuhusu Redio ya Lourenço Marques

Tanga

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, ila mvua za vuli zimechelewa na watu wameanza kunung'unika. Nimeipata barua yako pamoja na ile rekodi ya LM Radio, ile redio ya muziki ya Kiingereza ya Lourenço Marques huko Msumbiji, uliyoniwekea, na nimeisikiliza yote, hata matangazo ya sabuni na sigara sikuyaruka. Ahsante sana. Lakini katika barua yako ipo sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite hivi hivi: umeandika kwamba redio ile ilikuwa ya starehe tu, haikuhusiana na siasa. Niruhusu nikupinge, ndugu yangu, kwa sababu kwa jinsi ninavyoona mimi, siasa ndiyo iliyoilea na siasa ndiyo iliyoizika.

Tazama kwanza mahali ilipokuwa. Lourenço Marques, ambao tangu 1976 tunauita Maputo, hauko mbali na mpaka wa Afrika Kusini, na kutoka hapo hadi Johannesburg kwa njia ya anga hazifiki kilomita 500. Wapenzi wa redio wa mji huo walianzisha Rádio Clube de Moçambique mwaka 1933, na miaka michache baadaye idhaa yake ya Kiingereza, ndiyo LM Radio yenyewe, ikageuzwa kuwa biashara kamili iliyowalenga watu wa upande wa pili wa mpaka. Wareno, waliokuwa wakiitawala Msumbiji, walitoa mitambo, kibali na jengo. Nafasi za matangazo ziliuzwa Johannesburg, na watangazaji wake wengi walikuwa vijana wa Afrika Kusini waliohamia pwani. Yaani kilikuwa kituo cha Msumbiji kwa anwani tu.

Kwa nini vijana wa Johannesburg na Pretoria waliacha redio yao ya nyumbani, iliyosikika vizuri, wakahangaika na sauti inayokatika, iliyowajia kwa masafa mafupi kutoka ng'ambo? Kwa sababu shirika lao la utangazaji, SABC, liliongozwa na watu waliouogopa muziki wa pop wa vijana. Siku ya Jumapili liliwapa mahubiri na muziki wa heshima, kama ilivyotakiwa na makanisa ya Kikalvini, na Jumapili hiyo hiyo jioni LM Radio iliwapa LM Hit Parade, orodha ya nyimbo zilizokuwa zikitamba. Mwaka 1966, baada ya John Lennon wa Beatles kusema kwamba kundi lake lilikuwa na umaarufu kuliko Yesu, SABC ilizipiga marufuku nyimbo za kundi hilo, na marufuku hiyo ikadumu kwa miaka. Televisheni nayo haikuruhusiwa nchini humo hadi Januari 1976. Serikali inapoamua raia wake wasikie nini Jumapili jioni, starehe inayovuka mpaka kuwafikia haiwezi kuitwa starehe tu.

Wala sisemi kwamba LM Radio ilikuwa redio ya ukombozi, la hasha. Iliwatumbuiza vijana wa Kizungu, ikawauzia bidhaa, na haikugusa ubaguzi wa rangi. Wenyeji wa Msumbiji, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, walitengewa na Rádio Clube kipindi kilichoitwa Hora Nativa, yaani Saa ya Wenyeji, kana kwamba watu hao wanaishi saa chache tu kwa siku. Kukaa kimya kwa namna hiyo nako ni siasa, tena siasa inayolipa.

Kuna jambo jingine ambalo rekodi yako imelificha. Hiyo imechukuliwa studio, sauti ni safi kabisa, na msikilizaji wa masafa mafupi hakuwahi kuisikia hivyo. Mawimbi mafupi hupanda hadi kwenye ionosfera, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, yakapindishwa na kurudi ardhini, na kwa kuwa hufika kwa njia zaidi ya moja, mara hukutana yakasaidiana, mara hukutana yakafutana. Ndiyo maana wimbo huja kwa nguvu, ukafifia katikati ya kiitikio, kisha ukarudi besi ikiwa imepotea na ngoma zinasikika kama mtu anayepiga debe ndani ya kisima. Jua likizama ionosfera hupungua nguvu, masafa ya juu hupenya na kupotelea angani, na mtambo hulazimika kuhamia masafa ya chini. Msikilizaji naye huanza upya kuzungusha kitufe polepole, sikio limebanwa kwenye spika. Wewe na mimi tunaijua kazi hiyo: waya wa antena umefungwa juu ya mnazi, na mawe ya redio yameanikwa juani tangu asubuhi ili yapate nguvu ya kumaliza usiku mmoja zaidi.

Na hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita dhidi ya Wareno vikaanza 1964, na Idhaa ya Nje ya Radio Tanzania Dar es Salaam ikawapa wapiganaji nafasi ya kutangaza kipindi chao, A Voz da FRELIMO, yaani Sauti ya FRELIMO, kwa masafa mafupi hayo hayo. Mtu wa Lourenço Marques aliyekuwa na redio moja mezani angeweza kusikia kutoka LM Radio ya hapo hapo mjini nyimbo za mapenzi za London na Marekani, kisha akasogeza mshale kidogo akasikia habari za vita kutoka Dar es Salaam, sauti imepunguzwa na dirisha limefungwa, kwa kuwa akibainika ataangukia mikononi mwa PIDE, polisi wa siri wa Ureno. Sikio la kwanza liliachwa huru, la pili likawindwa. Hebu niambie sasa kama redio ile ya muziki haikuwa na upande.

Mwisho wake unaujua, ila nauandika ili tuelewane. Mwaka 1972 SABC yenyewe ilichukua uendeshaji wa LM Radio, kwa hiyo waliokimbia mlango wa mbele wakajikuta wanapokelewa na mwenye nyumba yule yule mlango wa nyuma. Tarehe 7 Septemba 1974, siku ya Mkataba wa Lusaka, ambao Ureno na FRELIMO walikubaliana juu ya uhuru wa Msumbiji, walowezi waliopinga uhuru huo waliliteka jengo la Rádio Clube na kulitumia kutangaza uasi wao. Jaribio hilo lilizimwa siku chache baadaye, lakini watu wengi waliuawa vitongojini katika ghasia zilizofuata. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975, redio ikataifishwa mwezi Oktoba, na tarehe 12 ya mwezi huo LM Radio ikanyamaza. Kesho yake SABC ikafungua Radio 5 kuwahudumia vijana wale wale. Jengo lenyewe bado lipo na sasa ni makao ya Rádio Moçambique, jirani na bustani iliyokuwa na jina la Vasco da Gama na leo inaitwa Tunduru, kwa heshima ya Tunduru yetu ya Ruvuma ambako FRELIMO ilikuwa na kituo cha elimu. Jina la LM Radio nalo limefufuliwa huko Maputo kwa FM, linapiga nyimbo zile za zamani, na sina ugomvi nalo.

Nina ombi moja. Huyo aliyekupa rekodi, tafadhali muulize kama anayo yoyote iliyonaswa na msikilizaji wa kawaida nyumbani kwake, yenye mikwaruzo na kufifia kwake. Mimi huku ninawatafuta wazee waliohifadhi kanda za Idhaa ya Nje, na mmoja ameniahidi kufungua sanduku lake baada ya Idi. Nikipata chochote nitakuwekea kwenye flashi na kukutumia kwa basi.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Nangoja majibu yako, hasa kama bado hukubaliani nami.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Tanga