Kifuniko cha bamba la chapati

Chumbageni, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi wewe na watoto. Juzi ulipopiga simu nilikuwa nakusikia nusunusu, huku mvua juu ya bati, huko kwako mtoto analia. Nikaona bora niandike. Barua anakuletea mdogo wangu, anakuja Lindi Jumatano.

Uliniuliza kifuniko cha bamba langu nilikitengenezaje, maana na wewe sasa umechomelewa la kwako. Hongera! Ila usikimbilie kwa fundi kabla hujasoma hadi mwisho, mie nimeshapoteza hela ya turubai mbili.

Bamba langu unalijua: sentimita 90 kwa 60, chuma cha milimita 6. Hilo peke yake ni kilo 25 na ushee, bado fremu na majiko ya gesi chini yake. Kuliingiza ndani kila usiku siwezi, na saa nne ninapofunga biashara bado lina moto. Basi linalala nje, na nje ya huku unaijua ilivyo na chumvi.

Mwanzo nilikuwa nalifunga turubai. Asubuhi nakuta kutu nyekundu imetambaa bamba zima, nasugua nusu saa kabla sijakanda unga. Nikadhani turubai limetoboka, nikaongeza la pili na kamba nikakaza. Kutu ikazidi! Hadi siku moja nalifunua alfajiri, wiki nzima haijanyesha hata tone, turubai kwa ndani linachuruzika maji. Kumbe ni jasho. Hewa yetu ina unyevu mwingi, usiku turubai linapoa, unyevu ulionaswa ndani unageuka matone na kudondokea chuma. Nilipokuwa nakaza kamba, mwenzangu, nilikuwa naufungia ugonjwa ndani.

Hata hapo sikujifunza sawasawa. Nilikwenda Ngamiani kwa mzee mmoja anayetengeneza majiko na ndoo za bati, nikamwambia nataka sanduku la bati lenye mpira pembeni kama mlango wa friji. Akanisikiliza, akaendelea kugonga ndoo yake, halafu akauliza, "Mwanangu, unataka kulifunika au kulizika?"

Alichonitengenezea ni kijumba. Paa lake ni mgongo wa tembo, katikati limenyanyuka, maji yanakwenda pande mbili. Kifuniko bapa maji yanatuama juu, na panapotuama ndipo panapooza kwanza. Kwa ndani kina sentimita 94 kwa 64, yaani kila upande pana nafasi ya sentimita 2, hakigusi bamba. Kimekaa juu ya vijiti vinne vya fremu. Kuta zinashuka chini ya ukingo wa bamba sentimita 10, hivyo mvua ya upepo haifiki juu, lakini chini pako wazi kabisa na hewa inapita. Kwenye zile pembetatu mbili za mbele na nyuma alikata vipenyo vitatu vitatu, kila kimoja amekiinamisha kutazama chini kama mbao za madirisha ya zamani. Kwa ndani niliweka wavu, maana mjusi hajui kwamba hapo ni jikoni.

Uwazi wa chini una faida nyingine ambayo sikuiwaza. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini. Ukiwa na sanduku lililozibwa inajikusanya humo, na asubuhi unawasha kiberiti. Mie siku hizi nafunga mtungi, nachomoa mpira, nauweka mbali, ndipo nafunika.

Bati chukua lile la mabati bapa yaliyopakwa zinki, na usichukue jembamba la bei rahisi. Kumbuka namba ya geji ikiwa ndogo ndio bati nene, wauza duka wengine wanakuachia ukosee. Kijana wa kuchomelea jirani yangu alitaka kuunga pembe kwa moto, mzee akakataa: zinki ikiungua inatoa moshi mweupe wa kukupa homa, na pale ilipoungua kutu inaanza. Alikunja pindo kama anavyokunja ndoo, akapiga ripiti, vile vipini vya kubania bati, kwenye kuta tu. Juu ya paa hakuna tundu hata moja. Vishikio pia viko kwenye kuta, vya mbao, na ukingo wa chini umekunjwa usikukate vidole. Bawaba nilikataa mwenyewe, zitaganda kutu halafu upepo wa kusi utakivunja. Kinanyanyuka chote, mtu mmoja anatosha, na usiku nakifunga kwa ndoano mbili za waya. Mchana nakisimamisha nyuma ya majiko kinakinga upepo, moto hauyumbi. Hilo peke yake limenirudishia hela yangu: fundi alitaka 30,000, tukamalizana kwa 22,000 na chapati sita za moto.

Kabla hujakata bati kata maboksi kwanza. Funika bamba lako kwa boksi, zunguka, inama, uone bomba la gesi linapita wapi. La kwangu tulilisahau, ikabidi mzee arudi na mkasi.

Kifuniko chenyewe hakitoshi, lakini. Nikimaliza kuuza nakwangua, nafuta kwa kitambaa kibichi bamba likiwa bado na uvuguvugu, likikauka napaka mafuta, tena kidogo mno, kama unajifuta mkono. Ukiyajaza yanakuwa ulimbo, chapati ya kwanza asubuhi huing'oi. Halafu nasubiri hadi niweze kuweka kiganja, ndipo nafunika. Siku nikichoka nikafunika la moto, kesho yake naona madoa.

Hasara niliyoipata ni paka wa jirani. Amegundua kwamba paa linabaki na joto, analala pale kila usiku kama mwenye nyumba, na kucha zake zinanikwaruzia zinki. Nimemfukuza nimechoka.

Nitumie vipimo vya bamba lako na urefu wa miguu ya fremu, nimwonyeshe mzee kabla hajaenda kwao Pangani. Na mdogo wangu akirudi usimwache mikono mitupu, mpe korosho, zile ulizochoma mwenyewe.

Wako,
Mama Salha