Bastola ya .22 ni burudani ya mtu asiye na haraka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wasomaji nizungumzie jambo ambalo likitajwa katika baraza zetu hapa Tanga huzua ama kicheko ama hofu, nalo ni kulenga shabaha kwa bastola kama burudani. Tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, ambapo picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki akilenga huku mkono mmoja umo mfukoni ilizunguka katika simu za vijana wetu, nimewasikia watu wakiuliza kwa nini mchezo ule usianzishwe kwetu, na nimewasikia wengine wakiwajibu kwamba bastola ina wenyewe wawili tu, askari na jambazi. Jibu hilo silikubali, lakini pia siwaungi mkono wale wanaotaka kuuanza mchezo huu kwa bastola nzito zinazojikoki zenyewe, kama wanazoziona katika filamu. Ipo njia iliyo polepole zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora.

Niliishi Marekani kwa miaka mingi, nikiwa mkazi halali wa jimbo la Texas na fundi wa mitambo ya meli, kabla ya kurejea nyumbani Chumbageni. Huko nilimiliki bastola moja tu, ya silinda yenye matundu sita, inayotumia risasi ndogo za .22, yaani zenye kipenyo cha takriban sehemu 22 za mia za inchi, na nilipoondoka nilimwachia mpwa wangu. Haikuwa silaha ya kujilinda, na anayeinunua kwa nia hiyo amedanganywa. Kabla ya kila risasi mpigaji hulazimika kuivuta nyundo nyuma kwa dole gumba, yaani kuikoki, kwa kuwa kazi ya kifyatulio ni moja tu, kuiachia nyundo hiyo. Ukikivuta bila kukoki, hakuna kinachotokea. Kuijaza nako kuna taratibu zake. Unafungua kilango kidogo kilicho upande wa kulia, unatia risasi moja, unaizungusha silinda kwa kidole mpaka tundu la pili, unatia nyingine, na ukishamaliza kupiga unayasukuma maganda nje moja baada ya jingine kwa kijiti cha chuma kilicho chini ya mtutu. Wenye haraka huona hiyo ni kero, lakini mimi niliona ndio utamu wenyewe, kwa sababu unamfanya mtu acheze kama mchezaji mzuri wa bao, asiyegusa kete kabla ya kujua itaishia shimo gani.

Umbo la bastola hizi linatokana na ile ya kampuni ya Colt ya mwaka 1873, ambayo watu wa rika langu tuliijua kwa kuwatazama makaboi katika sinema ya Majestic wakipiga risasi kumi na tano kutoka katika silinda ya sita, na hakuna aliyeuliza. Risasi yenyewe ni ya ukoo mwingine. Mfaransa Flobert alitengeneza mzazi wake mwaka 1845 kwa ajili ya kulenga shabaha ndani ya nyumba, Smith & Wesson wakaitilia baruti na kuipa bastola yao ya kwanza mwaka 1857, na ile ndefu kidogo inayotumika leo dunia nzima ilitoka mwaka 1887. Mwaka 1953 kampuni ya Sturm, Ruger ilivikutanisha viwili hivyo, umbo la kale na risasi ndogo, katika bastola iitwayo Single-Six, na tangu hapo watu wa kawaida wasio askari wala wawindaji wamekuwa wakitoboa makopo na karatasi kwa raha zao siku za mapumziko.

Katika risasi hizi fataki, yaani ule unga unaoiwasha baruti ukigongwa, haikai katikati ya kitako kama ilivyo kwa risasi kubwa. Imemwagwa ndani ya ukingo wa ganda pande zote, na nyundo hulibonyeza ganda pembeni ili kuiwasha. Ndiyo maana ni rahisi kutengeneza na hugharimu kidogo huko zinakopatikana kwa wingi. Pia ndiyo maana ganda lililokwisha kutumika haliwezi kujazwa upya, na mara mojamoja risasi hukataa kulipuka pale fataki isipoenea sawasawa. Ikikataa, mpigaji huendelea kuuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa takriban nusu dakika kabla ya kuitoa, kwani inaweza kulipuka kwa kuchelewa. Mzaha wa kufyatua silinda tupu nao haufai, kwa sababu katika bastola nyingi za aina hii pini, ile ncha ya chuma inayoligonga ganda, huweza kugonga ukingo wa tundu na kuutia kovu.

Faida kubwa ya bastola hii ni kwamba humfichua mpigaji. Kichwa cha risasi yake, yaani kile kinachoruka, kina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, kwa hiyo mshtuko wake mkononi ni mdogo sana, na mkono ukitikisika hakuna wa kulaumiwa ila mwenye mkono. Mwalimu aliyenifundisha alikuwa akiichukua bastola, ananigeuzia mgongo, anachanganya katika silinda risasi nzima na maganda matupu, kisha ananirudishia nipige. Nyundo ilipoangukia ganda tupu palikuwa hakuna mlio wala moshi, ila ncha ya mtutu tu ikionekana wazi ikizama chini, kwa kuwa mwili ulikuwa umekwisha jikunja kuusubiri mlipuko ambao haukuja. Mpigaji wa bastola yenye magazini ya risasi kumi na tano anaweza kumaliza mwaka mzima akilificha kosa hilo kwa wingi wa kelele, lakini hapa linaonekana mara moja, na dawa yake ni kuvuta pumzi, kukibana kifyatulio kidogo kidogo, na kuendelea kulenga hata baada ya nyundo kuanguka, maana nyundo hii ina safari ndefu, na mtu akilegeza mkono mapema shabaha humkimbia. Kwa mtu mzima anayeanza, umbali wa mita kumi au kumi na tano unamtosha kabisa kujua kama ametulia au hakutulia.

Wapo watakaosema kwamba kitu kidogo namna hiyo ni cha kuchezea. Hapo nawaomba tusikilizane vizuri, kwa sababu udogo wa risasi hii ndio unaowaponza watu. Inaweza kuua, na isipozuiwa na kitu inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Nimewahi kumsikia kijana mmoja akipendekeza kwamba wapigaji wasimame ufukweni Raskazone waelekee baharini, kwa kuwa huko hakuna nyumba. Bahari si ukuta. Risasi ikiyagusa maji kwa kuyalalia huruka juu na kuendelea na safari kwa upande usioweza kukisiwa, na huko iendako kuna ngalawa za wavuvi wa Sahare, na maji yakitoka kuna watu wanaotafuta pweza miambani. Machimbo ya mawe ya upande wa Amboni, ambayo nayo nimeyasikia yakitajwa, yana kasoro hiyohiyo, kwani ukuta wa mawe huirudisha risasi. Kinachotakiwa ni tuta nene la udongo laini lisilo na mawe, lenye kimo kinachompita mtu kwa mbali, na nyuma yake eneo kubwa lisilopitwa na watu. Baadhi ya mashamba ya mkonge ya barabara ya Muheza yana nafasi ya namna hiyo. Masikio lazima yazibwe, maana mlio wa bastola, hata hii ndogo, huharibu usikivu taratibu bila mtu kujua, na mikono lazima ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu risasi hizi nyingi ni za madini ya risasi matupu, ambayo ni sumu.

Bastola zenyewe pia hazilingani kwa usalama. Zile za kale zilimlazimu mwenyewe kutia risasi tano na kuiacha nyundo juu ya tundu la sita lililo tupu, kwani zikianguka chini ziliweza kujifyatua. Mwaka 1973 Ruger waliweka kipande cha chuma ambacho hupanda kati ya nyundo na pini pale tu kifyatulio kinapovutwa, na hatari hiyo ikapungua sana. Uwanja wowote utakaofunguliwa kwetu usikubali bastola isiyo na kinga ya namna hiyo, hata kama ni ya urithi na mwenyewe anaisifia.

Simwombei mtu yeyote ruhusa ya kwenda na bastola nyumbani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na mimi nisingependa ilegezwe hata kidogo. Ninachopendekeza kwa viongozi wa michezo wa mkoa wetu, wakishirikiana na Jeshi la Polisi, ni uwanja mmoja wenye silaha chache za .22 za kukoki kwa mkono, zinazofungiwa katika chumba cha chuma cha uwanja wenyewe, zikitolewa kwa kuandikishwa na kurudishwa kwa kuandikishwa, huku kila risasi ikihesabiwa na kila ganda likirudi. Kabla ya hapo mwanafunzi apitie bastola ya upepo ya milimita 4.5, aina ileile aliyoitumia Dikeç na mwenzake hadi kupata medali ya fedha, na atakayeonyesha utulivu ndiye avuke kwenda kwenye baruti. Katika Olimpiki mashindano ya bastola ya mita 25 hupigwa kwa risasi hii hii ya .22, ingawa kwa bastola za muundo mwingine, kwa hiyo atakayejifunzia kwenye silinda hatakuwa amepoteza wakati wake.

Siku ya kwanza ya baruti apewe risasi moja peke yake. Aitie mwenyewe, akoki mwenyewe, apige, alitoe ganda na kumkabidhi mwalimu, kisha aweke bastola mezani kilango kikiwa wazi na arudi nyuma ya mstari. Akiona kwamba utaratibu huo unamchosha, basi mchezo huu si wake, na ni nafuu kwetu sote kulijua hilo akiwa na risasi moja kuliko akiwa na sita.

Wako,
Fundi wa meli mstaafu,
Chumbageni, Tanga