Mpwa wangu, mvule wa babu yako usiuangushe

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na mama yako hajambo. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu Pemba hii huko peke yako. Kila mwenye shamba lenye mti mkubwa anaambiwa maneno uliyoambiwa wewe: popo ni uchafu, popo wanamaliza maembe, uza mbao ule hela.

Nisikilize kwanza.

Hao wanaolala kwenye mvule wa babu yako si popo wa darini. Ni popo wa Pemba. Huwapati Unguja, huwapati Tanga wala Mombasa, huwapati kokote duniani ila hapa. Kisiwa hiki kisichofika kilomita 70 kwa urefu ndiyo nchi yao nzima. Akikunjua mbawa, popo huyu hukaribia mita 1.6 ncha kwa ncha. Na hapapasi gizani kwa kutoa sauti, kama wafanyavyo wale wadogo wanaokula wadudu. Ana macho makubwa na pua kali, na kwa hivyo hujua embe limeiva lipi. Wageni hupanda ndege na boti kuja kumtazama. Wewe unaye uani, tena bure.

Wewe hukuwahi kuona hali ilivyokuwa mbaya. Misitu ya asili ilishakatwa zamani kupisha mikarafuu na makonde, kisha watu wakawa wanawafuata popo mitini mchana, wamelala, wakiwapiga bunduki kwa ajili ya kitoweo. Popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kiumbe wa namna hiyo ukimwinda kwa bunduki, kundi halina muda wa kujijaza tena. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliowatafuta waliambulia wachache mno, na mwaka 1996 wakaingizwa katika daraja la viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka.

Waliowaokoa ni watu kama sisi. Wanavijiji, Kidike wakiwemo, walianzisha vikundi vya kulinda miti wanayolala popo na kuwakataza wawindaji, na wahifadhi wa ndani na wa nje wakawaunga mkono. Idadi ikapanda hadi kupita 20,000, na mwaka 2008 wakaondolewa katika daraja lile. Wamo bado katika orodha ya walio hatarini, lakini kupona kwa kiasi hicho, katika kisiwa chenye watu wengi na ardhi ndogo, ni jambo ninalojivunia kila nikilitaja. Wenzetu walilifanya hilo bila utajiri wowote.

Kuhusu maembe, sikatai. Wanakula, na mashelisheli pia. Ila wanapenda lililoiva kabisa, na la biashara huchumwa kabla ya hapo. Ukiwahi kuchuma, hasara hupungua sana. Tunda lenye alama za meno lisiliwe, na popo aliyeanguka watoto wasimshike kwa mkono. Hayo yanatosha. Upande wa pili wa hesabu, hao hao hubeba chavua usiku kutoka ua hadi ua, na mbegu wanazozimeza huziangusha mbali na mti mama. Mikuyu inayoota mahali ambapo hakuna aliyepanda, wengi wa wapandaji wake ni hao. Msitu wa Ngezi haukujipanda wenyewe, wala hakuna afisa misitu awezaye kuzunguka kisiwa kizima kila usiku akitawanya mbegu.

Mvule huo ukiuangusha, popo hawahamii mti wa jirani kirahisi. Wanataka mti mrefu, mpana, usiosumbuliwa, na miti hiyo unaweza kuihesabu ukiwa umekaa barazani. Msumeno wa moto humaliza kwa asubuhi moja kitu ambacho hata wajukuu wako hawatakiona kikirudi.

Najua ada za watoto zinakubana na paa linavuja. Hayo ni ya ukoo mzima, si yako peke yako; nimeshaongea na mama yako mdogo na tutachanga. Fundi wa mbao akirudi na bei yake, usibishane naye. Mpe namba yangu.

Mjomba wako