Kwa wanachuo wetu wa Tabora, kabla hamjaniomba barua

Wanangu, mwangaluka.

Mimi ni yule mzee wa ofisi ya msajili, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nimestaafu, lakini kila mwaka maembe yakianza kuiva mnanifuata nyumbani: "Babu, tunaomba utuandikie barua ya utambulisho." Safari hii nawawahi. Nawaandikia wote, hasa wa mwaka wa kwanza, maana wa mwaka wa mwisho kwa baadhi ya mambo wameshachelewa.

Nawasikia mkilalamika kwamba chuo ni kidogo, hakina jina. Geti linafungwa saa mbili usiku, Padre mlezi anajua nani hakuja Misa, na ukienda kunywa soda na binti kule stesheni, hujamaliza chupa habari imeshafika jikoni. Ni kweli. Hata mimi geti lile sikulipenda, na funguo nilikuwa nazo.

Lakini sikilizeni. Mkuu wa shule kule Sikonge au Urambo akitafuta mwalimu wa kujitolea, hapigi simu kuuliza alama. Cheti anacho mezani. Anauliza, "Huyu kijana yukoje?" Mimi kabla ya kujibu nilikuwa natoka ofisini nakwenda kwa mpishi, kisha kwa mlinzi. Mpishi anajua nani hurudisha sahani na nani huiacha chini ya kitanda mpaka inaota ukungu. Mlinzi anajua nani humsalimia hata kama hakuna mkufunzi karibu. Kwenye chuo cha maelfu ya watu, msajili angemuuliza nani?

Kuna mmoja aliyemaliza na alama za juu kuliko wenzake wote. Simu ikapigwa, nikazunguka jikoni, getini, maktaba, hata kwa mama anayeuza vitumbua nje ya ukuta. Hakuna aliyemsema vibaya, wala aliyekuwa na la kusema. Miaka mitatu amepita kati yetu kama mtu anayesubiri treni. Nikamwambia mkuu wa shule, "Alama zake ni nzuri." Akanyamaza kidogo, akashukuru, akakata simu. Mpaka leo linanisumbua, ingawa sijui ningesema nini kingine.

Mwingine alikuwa wa wastani, supu mbili, yaani mitihani ya kurudia, mwaka wa kwanza, ila alishika daftari la fedha za kwaya. Nauli ya daladala, kitambaa cha sare, betri za kinanda, kila kitu kiliandikwa na risiti ikabanwa pembeni kwa pini. Chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kilipotafuta karani, nilimpelekea katibu wao daftari lile lenyewe. Akalifungua, akalifunga, akauliza kijana ataanza lini. Cheti alikikumbuka wiki ya pili.

Ndiyo maana nawasihi mshike kazi sasa, ndogo ndogo, zilizo mbele yenu. Mkoa huu una vikundi vya wafuga nyuki ambavyo mihtasari ya vikao vyao inaandikwa nyuma ya daftari la mtoto wa shule. Likizo ikifika nendeni mkawaandikie, muwapangie hesabu zao za mizinga na ndoo za asali. Hamtalipwa, labda chupa moja ya asali. Mwalimu Nyerere alipotoka Makerere alikuja kushika chaki hapa hapa Tabora, St. Mary's, shule ya misheni, miaka kadhaa kabla hajakwenda Edinburgh mwaka 1949. Hakuanzia Ikulu.

Na wale wa "Mungu atanifungulia mlango", nami nasali. Ila tangazo la Sekretarieti ya Ajira lina tarehe ya mwisho.

Kuhusu mikeka ya kubeti mpira sina maneno mengi. Nimewahi kumweleza mzazi mmoja kwa barua ada ilikokwenda. Sitaki kuandika nyingine.

Sasa majina. Mimi nilibatizwa Yohane, shuleni mwalimu akaniandika John, nami nikaona ni mamoja. Ujanani niliitwa kwenye usaili Dar es Salaam, nikasafiri daraja la tatu nimekalia begi, nikafika nikaambiwa vyeti hivi ni vya watu wawili. Nikarudi na treni ile ile. Siku hizi ni vigumu zaidi, maana unaomba kwa mtandao na hakuna wa kumbembeleza. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA vikitofautiana hata herufi moja, shughulikieni mkiwa bado hapa. Mwoneni wakili awaelekeze hati ya kisheria inayotakiwa. Tena msijidanganye na karatasi za matokeo. Serikalini wanataka vyeti vyenyewe, nakala zimethibitishwa na wakili. Kila muhula nilikuwa namwona mmoja analia kwa hili.

Jumamosi hii baada ya Misa nitakaa chini ya mwembe wa karibu na maktaba. Njooni na vyeti vyote, tuvitandaze tusome majina herufi kwa herufi. Kila mtu aje na kalamu yake. Ya kwangu siazimishi, niliibiwa mbili mwaka jana na mwizi alikuwa mwanakwaya.

Babu yenu, msajili mstaafu,
Tabora