Wito wa Harambee: Chumba chenye Mlango wa Nyuma, Kibirizi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili, tutafanya harambee ya kumalizia vyumba viwili nyuma ya kanisa letu hapa Kibirizi. Kuta zimefika usawa wa madirisha. Wengi mnaopita kwenda mwaloni, kule ufukweni kwenye mitumbwi ya uvuvi, mmekuwa mkiuliza kama ni stoo au ni nyumba ya mchungaji. Ya mchungaji bado inavuja, na mwenyewe amesema isubiri. Hivi ni vyumba vya kumsikiliza mtu mwenye jambo, kama kubeti au pombe, ambalo hawezi kulisema kwa mama yake, kwa mkewe, wala kwa mzee wa kanisa anayeishi naye mtaa mmoja.

Kamati imenipa mimi kazi ya kuandika kwa sababu jambo lenyewe nalijua kwa ndani. Nilibeti miaka minne. Nilikuwa kwaya, naimba besi, na simu yangu ilikaa katikati ya kitabu cha nyimbo. Mchungaji akifungua Biblia, mimi nahesabu mikeka, yaani tiketi za kubeti, iliyochanika usiku na kupanga ya jioni. Asiyewahi kubeti anadhani kinachomrudisha mtu ni kushinda. Hapana. Nilishinda mara chache mno. Kilichonirudisha ni mkeka wa timu kumi na mbili kuchanwa na timu moja, tena dakika za mwisho. Hapo hujioni umeshindwa, unajiona umekaribia. Ikaenda ada ya mtoto, ikafuata mikopo ya simu, kisha nikamwambia dada yangu aliyeko Uvinza kwamba mama amelazwa, anitumie chochote. Siku hiyo mama alikuwa kwenye vichanja anaanua dagaa, mzima kabisa, anaimba.

Mara ya kwanza nilipoungama, haikuwa hapa. Niliitwa mbele, nikapewa kipaza sauti, vigelegele vikapigwa. Mke wangu hakuwepo. Alikuja kuambiwa na mwanamke mwingine kwenye foleni ya maji. Kufika Jumanne, muuza duka alikuwa ameshakataa kunikopesha. Wiki haikuisha nikawa nimerudi kubeti, safari hii kwa laini ya pili niliyoificha kwenye soli ya kiatu. Waliofanya vile walinitakia mema, wala sina kinyongo nao. Lakini nilijifunza kwamba watu mia tatu wanaweza kukupigia makofi na asiwepo hata mmoja wa kukuuliza Jumatano umelalaje.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mvuvi. Alikuwa ameupindua mtumbwi anauziba nyufa kwa pamba, nami nikakaa kivulini kwake bila kuitwa. Nikasema yote. Hakuacha kugongelea pamba yake. Nilipomaliza aliuliza, "Umekula?" Halafu: "Na simu iko wapi?" Jioni ile tulikwenda nyumbani kwangu wote wawili, nikamweleza mke wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na laini zote mbili pamoja na namba za siri zikabaki kwake. Kila alfajiri, mitumbwi ikirudi, mzee na mimi tulisali pale mchangani, dakika tano, zaidi ya hapo samaki wanaharibika. Nilianguka mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia siku hiyohiyo.

Yakobo aliandika, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Ninyi kwa ninyi, anasema. Wazee wetu wa Uamsho, ule wa Kikristo uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu Tanganyika, waliita hivyo kutembea nuruni, na nguvu yake ilikuwa katika vikundi vya watu wanaojuana, wanaorudiana wiki baada ya wiki. Hata wale walevi wawili wa Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, waliokutana mjini Akron mwaka 1935 wakiwa wamepitia kikundi cha Kikristo cha namna hiyohiyo, walichogundua ni kwamba mlevi anamsikia mlevi mwenzake. Chama chao cha kusaidiana kikasambaa duniani. Na sisi tunaotoka na taa usiku kwenda kuvua dagaa, tunahitaji kuelezwa kazi ya nuru gizani?

Maisha ya mwaloni yana mitego yake. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, vyombo vinalala ufukweni siku nyingi, na baharia asiye na kazi ana mgao wa juzi mfukoni. Gongo haiko mbali. Viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia hapa. Kiu haikupigwa marufuku. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, wapo waliorudi shambani Kasulu na Buhigwe, na wapo waliobaki vibandani na simu, mikeka na picha ambazo hawatazitaja mbele ya watoto wao. Pia yuko mama anayekunywa kwenye kikombe cha chai, saa nne asubuhi, na nyumba nzima inajua ni chai. Kwa ajili yake chumba kimoja ni cha wanawake, na wasikilizaji wake ni akina mama.

Sasa jambo la vitanda, maana limeulizwa kikaoni kwa sauti ya juu: kanisa linataka vitanda vya nini? Kijana mmoja baharia aliacha gongo siku moja, kwa nadhiri, baada ya mkesha. Siku ya tatu alitetemeka hadi kikombe kikamwagika, akaanza kuwafukuza dagaa ukutani ambao sisi hatukuwaona. Tukazidisha maombi. Dada mmoja nesi ndiye aliyetuambia tuache kelele tutafute bajaji. Mwili uliozoea pombe kali kwa miaka, ukinyimwa ghafla, unaweza kuingia degedege na kuchanganyikiwa, na mtu anaweza kufa katika siku chache za mwanzo. Kwa hiyo kanuni tumeshaiandika: mnywaji mzito anaonwa na daktari kwanza, nasi tunakwenda naye, tunasali naye njiani na wodini. Akiruhusiwa, vitanda hivi ni vya zile wiki za kwanza ambapo kurudi kwenye chumba alichopanga karibu na kilabu ni kumrudisha mdomoni mwa mamba.

Jumla tunahitaji shilingi 9,800,000. Tunazo 3,150,000, nyingi zikiwa za akina mama wa dagaa. Zilizobaki ni 6,650,000: bati, mbao na fundi wa paa 2,300,000, saruji ya plasta na sakafu 1,700,000, milango na madirisha 1,250,000, vitanda, magodoro na viti 600,000, na 800,000 za nauli na gharama za mwanzo za hospitali. Mlango mkuu tumeuelekeza nyuma, kwenye njia ya kwenda ziwani, ili anayeingia aonekane kama mtu anayekwenda kuoga.

Leteni pesa, leteni ahadi, leteni dumu la mawese, kuku, debe la dagaa. Mnada utakuwepo, na safari hii jogoo atauzwa mara moja tu, siyo mara nne kama mwaka jana. Tunatafuta pia watu sita wa kusikiliza, wanaume watatu na wanawake watatu, wenye kuweka siri. Asiyeweza kuweka siri achangie saruji.

Mlioko Dar, Mwanza au ng'ambo ya ziwa, mpeni mchango wenu ndugu yenu anayesali hapa, naye atapewa risiti kwa jina lako. Fedha zinapokelewa na mhazini na akina mama wawili wa kamati, wote watatu kwa pamoja, na hesabu zitabandikwa mlangoni kila Jumapili. Msinitumie mimi hata mia. Hilo niliomba mwenyewe, na mke wangu, ambaye bado anashika laini zangu, aliunga mkono hoja.

Katibu wa kamati ya ujenzi, Kibirizi, Kigoma