Joto la Hewa Juu na Chini ya Ndege: Sensa Yetu Inafika Wapi

Wateja wengi wanaotaka kukodi sensa yetu ya mikrowevu huanza na swali hili: "Ndege yangu ina kipimajoto tayari, cha pili cha nini?" Kile cha ndege kinapima hewa inayokigusa, basi. Tena kwa taabu, maana ndege ikienda mita 250 kwa sekunde, hewa inayosimamishwa ghafla mbele ya kipimajoto hupanda nyuzi 31 hivi, na kompyuta hulazimika kuzitoa. Nusu kilomita juu au chini ya bawa, hakijui lolote.

Sensa yetu haitumi mawimbi, inapokea tu. Oksijeni ya angani hutoa yenyewe mawimbi ya mikrowevu, hasa kwenye gigahezi 50 hadi 60 na ushei, na nguvu yake hufuata joto la hewa. Kioo kidogo hugeuka kikatazama juu, mbele, kisha chini. Hesabu ndizo zinazopanga joto kwa kimo. Si jambo jipya: mwaka 1987 kifaa cha JPL, maabara ya NASA ya Marekani, kiliruka na ER-2, ndege ya utafiti inayopaa juu sana, kutoka Punta Arenas, Chile, wakati wa kuchunguza tundu la ozoni la Antaktika. Mawingu yanayochochea uharibifu wa ozoni kule huanza kujijenga karibu na nyuzi 78 chini ya sifuri, kwa hiyo joto lilikuwa la kujua kwa uhakika.

Kazi kubwa iko hangani: kuisawazisha sensa kwa vitu viwili ambavyo joto lake tunalijua. Tunaweka mbele ya sensa sponji nyeusi yenye vipembe, iliyoloweshwa kwa naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi -196, halafu nyingine ya joto la chumba. Sanduku la sponji ya baridi likianza kuota barafu kwa unyevunyevu tunamwaga, tunaanza upya, hata kama rubani ameshavaa miwani.

Ila usitutarajie miujiza. Vipimo ni vizuri ndani ya kilomita moja au mbili kutoka kwenye ndege. Mbali zaidi, matabaka membamba yanachanganyika. Ukiwa kilomita 12 juu na unataka joto la karibu na ardhi, rusha puto la hali ya hewa, hutuhitaji. Mvua kubwa nayo huharibu kipimo. Na mwombe rubani apunguze kona: ndege ikilala, kioo kinachopaswa kutazama juu wima kinatazama mshazari. Dakika hizo tunaziondoa kwenye ripoti, lakini mafuta yake utakuwa umeshalipa.