Usidharau kukwangua kutu

Mwanangu, hujambo? Sisi huku wazima, mamako anasema hayo maovaroli usiyafue pamoja na shuka.

Meseji yako nimeisoma, eti fildi nzima wanakukwanguisha kutu tu, mashine hujagusa. Sasa ngoja nikupe habari ya Pegasus, uone mashine ikigoma vitani inakuwaje. Ile ilikuwa manowari ya Mwingereza, iliundwa kwenye kiwanda cha Palmers kule Jarrow, Uingereza, ikashushwa majini 1897, kufika 1914 Vita Kuu ya Kwanza inaanza ishakuwa mkweche. Basi Pegasus ikaja Zanzibar mashine zinasumbua, ikatia nanga mafundi wakafungua, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari Königsberg ya Mjerumani hiyo hapo. Hebu fikiria ndo wewe uko kule chini, spana mkononi, mashine iko vipandevipande, kukimbia hamuwezi na makombora yenu yanadondoka majini hayamfikii, ya kwake yanawafikia vizuri tu. Siku hiyohiyo ikazama.

Mjerumani naye mashine ikamgomea, akajichimbia kwenye mikoko ya Rufiji. Vyuma vikafunguliwa, vikaburutwa na watu wetu porini mpaka karakana ya Dar, vikatengenezwa vikarudi! Hao watu sijui kwa nini hatufundishwi habari zao, mi nimewawaza sana. Ila Mjerumani alipopona, Mwingereza kashaziba mlango wa mto.

Na manowari kubwa haiingii mtoni, itakwama kwenye matope. Wakaleta Severn na Mersey, vimeli bapa kama sinia, chini hazizami hata mita mbili. Zile ziliundwa na kampuni ya Vickers kule Barrow, Uingereza, kwa ajili ya Brazil, zikafanye doria Amazon, Brazil hela ikakata, Mwingereza akazichukua Agosti 1914. Zikakokotwa kutoka Malta hadi Mafia, wakapiga tarehe 6 Julai 1915 wakashindwa, tarehe 11 wakarudi na ndege juu inawaelekeza kombora limeangukia wapi, Königsberg ikaisha.

Likizo ukipita Mombasa, mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, uguse hicho chuma kisha uniambie kutu yake ikoje. Nauli natuma Ijumaa.

Babako